Jina la Nyota Nililomvika Mtoto

Jumatano, 1 Oktoba 2025

Msichana! Amezaliwa leo kabla ya adhuhuri. Graciella, mke wa kaka yangu Rodrigue, hajambo. Mtoto naye hajambo — mzito, mwekundu, ngumi zimefungwa kama mtu aliyekuja kudai kitu.

Katika ukoo wetu, sisi watu wa Kambove, dada wa baba ndiye anayemvika mtoto jina. Rodrigue hana dada mwingine. Kazi ikawa yangu. Desturi ina hatua moja kabla ya hiyo. Shangazi hupita kwanza kwa wazee, akawauliza ni nani kati ya waliotutangulia ambaye jina lake bado halina mtu. Sikupita. Sikuuliza. Nilikuwa na jina tayari, na nilikuwa na haraka ya kulitamka.

Lilitoka kwenye somo. Wiki hizi, katika kituo cha lugha mjini, ninawaandalia wanafunzi wangu, wote watu wazima, maneno ya Kiingereza yanayohusu nyota: yalizaliwa wapi, yakapitia wapi. Wagiriki walisema aster. Walatini walikuwa na stella, na sidus pia. Kisha wakaazima astrum kutoka kwa Wagiriki. Nikamwinamia mtoto, nikasema sikioni mwake: Astéria.

Rodrigue alipiga makofi. Graciella, ambaye huniita tantine, yaani shangazi, alilionja jina polepole, kama anayeonja chumvi ya mboga. "Njo jina muzuri, tantine! Ya bantu ba masomo."

Mama yetu, Mama Joséphine, hakucheka. "Ulishauliza?" Hilo tu. Nikamjibu kwamba tutauliza baadaye. Alikaza kitenge kiunoni, akatoka nje bila kumgusa mtoto.

Labda alikuwa amechoka. Alikuwa amekesha.

Jumamosi, 4 Oktoba

Wamerudi nyumbani, hapa mtaani Katuba, Lubumbashi. Sote tunaishi katika uwanja mmoja: mama na mimi nyumba ya mbele, Rodrigue na mkewe nyumba ya nyuma.

Mtoto analia. Si kilio cha njaa. Kinaanza jua linapozama, na kinakatika ghafla, kana kwamba kuna aliyemziba mdomo. Kisha anageuza kichwa na kutazama mlango. Mtoto mchanga hivi hawezi kukaza macho namna ile — nadhani. Sina mtoto. Sijui watoto wachanga hutazamaje. Niliandike hilo pia.

Jirani yetu Christiane alipaza sauti juu ya ukuta: "Mama Joséphine! Mutoto anakatala jina! Ata miye ningelia — Astéria! Iko sawa dawa ya kikohozi!"

Tulicheka. Mama hakucheka.

Ninaandika haya kwa Kiswahili cha vitabu. Nyumbani hatusemi hivi. Lakini sentensi iliyonyooka hunisaidia kufikiri.

Jumatatu, 6 Oktoba

Somo la leo: "galaxy". Mzizi wake ni gala — maziwa, kwa Kigiriki. Wagiriki waliona ule utepe mweupe angani wakadhani ni maziwa yaliyomwagika. Walatini wakatafsiri tu: Via Lactea, njia ya maziwa. Ruphin aliinua mkono. Yeye huleta samaki wa Kasenga kwa lori, na anajifunza Kiingereza ili Wazambia wasimzunguke kwenye bei. "Madame, beye banaona maziwa. Shiye huku tunaona moshi tu!" Darasa zima likaangua kicheko. Ni kweli. Msitu unachomwa mwezi huu. Mbingu ya Lubumbashi ni kama sufuria iliyoungua. Nyota zinazopenya ni chache, nazo ni nyekundu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Graciella alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba ya nyuma, gauni limelowa kifuani.

"Tantine, anakatala maziwa. Tangu asubuhi. Inatoka bure, angalia."

Angalia. Niliangalia. Yalikuwa yakidondoka kwenye saruji.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimelala vizuri, nimefikiri vizuri. Watoto hukataa titi. Hutokea kila siku, katika kila mtaa, bila Mgiriki yeyote kuhusika.

Somo la leo lilikuwa "comet", nyota yenye mkia: kometes, mwenye nywele ndefu. Na siku nzima nilikuwa nikichungulia nywele! Kwenye mto wa mtoto, kwenye chai, kwenye nguo za Graciella. Hakuna kitu. Siku imepita salama, mtoto amenyonya kidogo jioni. Nimejicheka. Akili ya binadamu hukumbuka mishale iliyolenga na kusahau iliyopotea majanini. Hilo mimi ndiye ninayewafundisha wengine.

Alhamisi, 9 Oktoba

"Planet". Planetes: wenye kutangatanga. Nyota nyingine zote hukaa mahali pake katika kundi lake. Hizi chache huhama, na watu wa kale walizitazama kwa wasiwasi, kama tunavyomtazama mtu anayepitapita mtaani bila kuelekea popote.

Niliporudi, mama aliniita jikoni. Alikuwa akichambua matembele. Hakuinua macho.

"Kapya anatembea," alisema.

Kapya alikuwa dada mkubwa wa baba. Nalijua jina, ni jina ambalo kwetu halitamkwi mezani. Aliishi Kambove, aliuza mikate kwa wachimbaji. Jioni moja alitoka nyumbani na hakurudi. Walimtafuta kwenye mashimo ya zamani na kando ya reli. Hakuna mwili, hakuna kilio, hakuna kaburi. Na kwa kuwa hakuna kaburi, kwa mujibu wa mama, bado yuko njiani. Hana pa kukaa. Jina lake lingempa mahali. Msichana wa kwanza wa nyumba hii alipaswa kulibeba.

"Kama uliniuliza, ningesema. Haukuniuliza."

Nilitaka kumwambia kwamba angeweza kusema bila kuulizwa. Lakini nilikuwa nikifikiria kitu kingine: kwamba sijawahi kutaja masomo yangu mbele yake. Anasema neno "anatembea" siku ileile...

Lakini watu wote hutembea. Neno hilo husemwa mara ngapi kwa siku katika uwanja huu? Ningelisikia jana, nisingelijali.

Ijumaa, 10 Oktoba

Homa.

Kwenye ratiba yangu leo palikuwa na neno "disaster", janga. Nililiruka. Mimi, mwenye shahada mbili, niliruka neno! Nikaweka "influenza" mahali pake, nikidhani halina madhara, kila mtu analijua. Kisha, nikiwa tayari ubaoni, chaki mkononi, nikakumbuka historia yake: influentia, kile kinachotiririka kutoka kwenye nyota na kuingia katika miili ya watu. Waitalia waliuita ugonjwa hivyo kwa sababu hawakujua ulikotoka. Niliandika. Nilieleza. Simu ikatetemeka mfukoni.

Rodrigue. Mtoto anawaka kama jiko, analia kwa sauti nyembamba, shingo imekaza. Wako hospitalini.

Nimemkuta na sindano ya dripu kichwani — mkononi hawakupata mshipa. Daktari ni kijana mpole. Anashuku maambukizi ya damu. Wamempa antibiotiki, wanasubiri vipimo. Nilimuuliza kama atapona. Alisema ni mapema mno kusema. Kifaransa chake kilikuwa kizuri sana na hakikunisaidia kitu.

Mama yake Graciella amefika, Mama Ngalula. Ni watu wa Kasai, wa kanisa, wafanyabiashara wa vitambaa. Aliweka Biblia chini ya godoro. Mama yangu alianza kumweleza habari za Kapya, kwa sauti ya chini na kwa heshima. Mama Ngalula alimsikiliza hadi mwisho. Kisha: "Mama mukwe, miye nakuheshimu. Lakini mutu mwenye alipoteaka, hatumuweke mu mutoto wetu."

Wakakaa kwenye benchi moja, bega kwa bega, kila mmoja akitazama ukuta wake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nilikwenda kituoni kuwaambia wanafunzi kwamba hakuna somo. Ruphin alikuwa ameshalitafuta neno mwenyewe kwenye simu. Alikuwepo nilipowanywesha soda kwa ajili ya kuzaliwa kwa mtoto, anakumbuka jina.

"Madame! Disaster na Astéria beko ba tumbo moja?"

Wenzake wakacheka. Halafu akaniona uso. Alivua kofia yake. "Pardon, Madame. Nilikuwa nacheza."

Nilimjibu kama mwalimu. Ndiyo, tumbo moja. Kiingereza kililipata kwa Kifaransa, Kifaransa kwa Kiitaliano: disastro, yaani aliyezaliwa chini ya nyota mbaya, au nyota iliyogeuka. Astro ile ile. Lakini mzizi wa neno si damu yake. Neno halijui lilikotoka. Mtu anayesema "disaster" leo haoni nyota yoyote kichwani mwake.

Nilisema hayo kwa sauti thabiti, na wakaandika. Njiani kuelekea hospitali nikajiuliza: nani alinihakikishia? Nimesoma jinsi maneno yanavyosafiri. Sijasoma mahali popote kile yanachokibeba.

"Consider", yaani kutafakari, wanadai baadhi ya wataalamu, ni kuzichunguza nyota kwa makini — con na sidus. "Desire", kutamani, ni kungoja kitu kutoka kwenye nyota hizohizo, nazo hazikileti. Wataalamu wengine wanapinga. Ushahidi ni mwembamba. Nami huwa nawaambia wanafunzi: semeni "huenda". Leo, kando ya kitanda, sikuwa na "huenda". Nilikuwa nikingoja kitu, na hakikuja.

Homa haishuki. Graciella amemlaza mtoto kifuani, anamwimbia jina lake, silabi moja moja. As-té-ri-a. Kila akifika mwisho, mtoto anageuza kichwa upande wa mlango.

Jumapili, 12 Oktoba

Sijui niandike vipi.

Asubuhi mama alinivuta hadi nyuma ya jengo, penye mti wa jakaranda, maua yamejaa chini kama zulia. Akaniambia kile ambacho amekinyamazia tangu utoto wangu.

Mimi nilikuwa Kapya.

Nilizaliwa mwaka uleule alipopotea. Kwa kuwa shangazi hakuwapo, bibi, mama yake baba, ndiye aliyenivika jina. Nililibeba hadi nilipoanza kutambaa. Mama anasema nilikuwa mtoto mtulivu, ila jioni nilikuwa nikiitika kabla ya kuitwa. "Ungeli mudogo, hauyue kusema neno ata moya. Lakini ile 'eyo', uliyua." Sikujua neno lingine ila eyo, yaani naam. Nilikuwa nikitambaa kuelekea uzio.

Na hilo ndilo lililomtisha baba. Kwa sababu Kapya mwenyewe aliondoka hivyo! Watu wa Kambove walishuhudia. Alikuwa akiosha vyombo. Mtu akaita jina lake nje ya uzio, sauti ya kawaida tu, kama ya jirani. Akajibu: eyo. Akafuta mikono, akatoka.

Baba alikuwa mtu wa shule ya mapadri. Akaenda ofisi ya serikali ya komuni, akaniandikisha Benita, akapiga marufuku jina lile katika nyumba yake. Lakini baba si yeye aliyenivika. Kwetu jina huvuliwa na aliyelivika, na bibi alikataa hadi akafa. Kwa hiyo, kwa hesabu ya mama, halikuvuliwa. Limefunikwa tu. Liko kwangu. Nami nikamvika msichana wa nyumba jina la mbali, nikamwacha Kapya nje ya mlango.

Nilimuuliza anataka nini. Alikuwa amejiandaa.

Anayebeba jina anaweza kulikabidhi. Niiname sikioni mwa mtoto, nimwite: Kapya. Mara moja. Kisha ninyamaze. Hilo ndilo sharti. "Unaita, unanyamaza. Mutoto njo ataitika, ata na pumzi tu. Ukiitika weye, jina inabakia kwako. Na ile yenye kuwa nyuma ya jina."

Nilicheka, nafikiri. Au nilitoa sauti fulani. Kisha nikamuuliza: na mtoto akilipokea? Naye ataanza kutambaa kuelekea uzio?

Mama aliokota ua moja, akalisugua kati ya vidole. "Huyu tutamulinda. Wewe tulikulinda."

Nimezipima njia zote mbili. Kama hakuna kitu, kutamka silabi mbili hakumdhuru mtu. Kama kuna kitu, basi ninamkabidhi mtoto mgonjwa mzigo uliokuwa wangu. Hoja ya kwanza ni ya shule, na ni nzuri. Mbona nimekaa na ile ya pili tangu asubuhi?

Jumanne, 14 Oktoba

Vipimo vimerudi. Daktari amebadilisha dawa. Anasema ya kwanza haikufaa kwa kijidudu hiki, hii huenda ikafaa, tutajua kabla ya kesho. Alisema "huenda". Nilimpenda kwa hilo.

Mtoto halii tena. Hana nguvu za kulia.

Rodrigue amekuja kwangu, macho mekundu. Kaka yangu ni fundi wa magari, hamwogopi mtu. Huniita yaya, dada mkubwa. "Yaya, fanya ile mama anasema. Fanya ya daktari, fanya ya mama, fanya ya kanisa. Fanya yote!" Mama Ngalula alimsikia, akafumba macho, akaendelea kusali. Hakupinga. Hilo ndilo lililonionyesha jinsi mtoto alivyo taabani.

Nilimwendea Graciella. Mtoto ni wake. Sikutaka kufanya kitu kwa siri.

"Itaka hiyo jina, tantine. Lakini Astéria hautamutosha. Ile ulimupa na furaha." Niite lile, maana yake, ila hili la Astéria nisimvue.

Kesho.

Jumatano, 15 Oktoba

Ninaandika haya kwenye benchi la ukumbi wa wodi. Jua linazama. Umeme umekatika, jenereta bado haijawashwa, lakini ninauona mstari.

Nimefanya. Saa moja iliyopita, labda zaidi.

Mama alisimama miguuni pa kitanda, Graciella kichwani. Nikainama. Mtoto alinukia dawa na maziwa yaliyochacha. Nikasema sikioni mwake: Kapya.

Kisha nikanyamaza. Ninaapa kwamba nilinyamaza. Nilikuwa nimekusudia kunyamaza. Nilikuwa nimebana midomo.

"Eyo."

Graciella alishtuka. "Tantine, nani ameitika?"

Ilikuwa sauti yangu. Ilitoka kinywani mwangu kama kikohozi, kabla sijapata nafasi ya kuizuia. Sikuamua. Au niliamua? Tangu Jumapili nimekuwa nikiisikia hoja ile ya pili. Inawezekana kwamba sehemu fulani yangu ilikwisha kuchagua, ikanificha mimi mwenye shahada. Inawezekana pia kwamba mtu aliyechoka, akitamkiwa jina aliloitwa utotoni, huitika tu — hata kama ameliita mwenyewe. Kuna maelezo. Sikosi maelezo.

Mama alikuja akaketi hapa kando yangu, na bado yuko hapa.

Sasa hivi Graciella amechungulia mlangoni, machozi yanamtiririka, anacheka. Ametuonyesha kwa mikono: mtoto ananyonya. Ananyonya kweli, ninausikia mlio kutoka hapa. Mama Ngalula anamshukuru Mungu. Daktari amepita, amesema dawa mpya imeanza kazi. Uso wake umelegea kwa mara ya kwanza wiki hii. Huenda ni dawa. Ninataka iwe dawa.

Kuna mtu anaita huko nje, ng'ambo ya ukuta wa hospitali.

Kapya ni jina la watu wengi. Wodi ni kubwa, wageni wanatoka Kambove, Likasi, kila mahali. Mtu anamtafuta dada yake gizani. Ni jambo la kawaida.

Anaita tena. Sauti haina haraka. Ni kama ya jirani.

Nimemuuliza mama kama anasikia. Amejibu, "Kusikia nini?" — haraka mno. Lakini hakunigeukia. Amelishika pindo la kitenge changu kwa mikono miwili, amelizungusha kwenye kifundo chake cha mkono, anavuta.